Visiwa vya Dar es Salaam: Namna ya Kuvisoma Maji Yakipwa na Yakijaa

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanavijua visiwa vyao kwa jina la kimoja tu. Anayeishi Masaki atakutajia Bongoyo. Wa Mbezi Beach na Kunduchi atakutajia Mbudya. Wa Kigamboni atasema Sinda. Watu huenda Jumapili, wakaogelea, wakala samaki wa kukaanga chini ya kibanda cha makuti, na jioni wakarudi. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mtu anaweza kwenda Mbudya mara kumi asijue kwamba amekaa juu ya jiwe la aina ile ile iliyo chini ya nyumba za Oysterbay, wala kwamba mchanga alioutandikia kanga ulipita, kwa sehemu, midomoni mwa samaki.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuvisoma visiwa hivi kwa miguu na macho yake mwenyewe: mwalimu wa jiografia mwenye wanafunzi, mzazi mwenye watoto wadadisi, au mtu mzima ambaye ameishi mjini miaka ishirini na bado hajavitazama vizuri. Utahitaji jioni moja ya maandalizi na siku mbili au tatu za kutoka. Beba daftari, penseli (wino ukigusana na maji ya chumvi huna tena maandishi), viatu vya raba vyenye soli nene, kofia, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani yatakutosha, na chupa ndogo ya siki. Siki nitaieleza mbele.

Hatua ya 1: Chora ramani kabla hujaenda popote

Chukua karatasi kubwa, uchore mstari wa pwani kutoka chini upande wa kulia kupanda juu upande wa kushoto, kwa kuwa pwani ya hapa haielekei kaskazini moja kwa moja. Inalala kidogo kuelekea kaskazini-magharibi. Kuanzia chini tia alama hizi: Mjimwema na Kigamboni, mlango wa bandari, rasi ya Msasani, ghuba ya Msasani iliyo nyuma yake, kisha Mbezi Beach, Kunduchi na Ununio. Picha za setilaiti za kwenye simu zitakusaidia, ila chora kwa mkono. Mkono unapochora, jicho hulazimika kuuliza.

Sasa weka visiwa. Viko katika makundi mawili, na bandari ndiyo inayoyatenga. Kundi la kaskazini lina Bongoyo, ambacho kiko mbele ya ncha ya rasi ya Msasani. Kisha Pangavini, kisiwa kidogo. Kisha Mbudya mbele ya Kunduchi. Na mwisho Fungu Yasini, ambalo jina lake tayari limekwambia ni kitu gani. Kundi la kusini lina Makatumbe ya ndani na ya nje karibu na mlango wa bandari, Kendwa karibu na pwani ya Kigamboni, na Sinda mbili, nazo ni ya ndani na ya nje. (Kendwa hii si ile ya Unguja karibu na Nungwi, ni jina moja la mahali pawili, na boti hazitakupeleka kule kwa bahati mbaya, lakini simu yako inaweza.)

Jumla ni tisa. Vinne vya kaskazini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, vya kusini vikaongezwa mwaka 2007, na vyote sasa vinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Maana yake kwako ni mambo mawili: utalipa kiingilio, na hutaokota kitu. Kombe tupu lililolala mchangani nalo ni kitu.

Karibu na kila kisiwa acha nafasi tupu kama upana wa kidole. Utaijaza baadaye.

Hatua ya 2: Hesabu mwezi

Hatua hii ndiyo watu wanaoiruka, na ndiyo inayobeba zote zinazofuata. Kiswahili chenyewe kinaifundisha. Maji hupwa, na pale yanapopwa ndipo pwani. Pwani si mstari kati ya nchi na bahari; ni eneo zima ambalo maji hulifunika na kuliacha mara mbili kila siku. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti ya kina kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Kwa hiyo kisiwa kile kile kinaweza kuwa na uwanja mpana wa mwamba wa kutembea juu yake leo, na wiki ijayo saa ile ile pasiwe na mahali pa kuweka mguu.

Hesabu ni nyepesi. Siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu, maji ya Dar es Salaam hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza takriban dakika 50. Tuseme leo ni siku ya nne tangu mwezi mpevu. Dakika 50 mara nne ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini. Maji yatajaa karibu saa moja na dakika ishirini, na yatapwa saa sita na kitu baadaye, yaani mnamo saa saba na nusu mchana. Anayefuata tarehe za Kiislamu hahitaji hata kutazama juu, kwani kalenda yake inaanza na mwezi wenyewe.

Tazama kinachotokea ukiipeleka hesabu hiyo mbele. Bamvua siku zote huleta maji makavu asubuhi, na maji mafu siku zote huleta maji ya kujaa katikati ya asubuhi. Ndiyo maana akina mama wanaookota chaza na kutafuta pweza miambani hutoka asubuhi za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, hawatoki siku yoyote tu. Wanafuata saa ambayo bahari inaitunza kwa uaminifu mkubwa.

Hesabu hii ni ya kupangia safari. Siku yenyewe ithibitishe kwa jedwali la kupwa na kujaa, au muulize mvuvi. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na mwezi Machi na Septemba. Nyakati hizo tofauti hukaribia mita 4, na kama unaweza kuchagua, chagua hizo.

Na jambo moja la usalama, lishike sana. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda polepole kiasi cha kukudanganya. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba robo nzima kila moja. Kwa bamvua la mita 3, hiyo ni sentimita 75 kwa saa moja: kutoka kifundo cha mguu hadi mapajani, huku wewe unapiga picha.

Hatua ya 3: Anzia nchi kavu, Coco Beach

Usipande boti bado. Chagua asubuhi ya bamvua, fika Coco Beach kama saa tatu, ushuke hadi kwenye mwamba wakati maji yanakimbia. Utaona mawe ya kijivu yenye ncha kali, yametobokatoboka kama mkate wa kumimina. Inama, usogeze macho karibu. Ndani ya jiwe kuna nyota ndogo ndogo, mistari iliyojikunja kama ubongo, matawi yaliyokatika. Hayo ni matumbawe. Jiwe zima ni mwamba wa bahari uliokufa na kugeuka jiwe la chokaa.

Umefikaje hapo juu, mkavu, wakati matumbawe huishi ndani ya maji? Takriban miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa karne chache zilizopita, barafu za ncha za dunia zilikuwa zimepungua, na bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Matumbawe yakajenga hapo. Kisha zama za barafu zikarudi, maji mengi yakafungwa katika barafu, na bahari ikashuka. Miaka kama 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takriban mita 120. Mlango wa bahari kati ya bara na Unguja, ambao sehemu zake nyingi hazifiki mita 60, ulikuwa nchi kavu. Mtu aliyesimama mahali pa Coco Beach angeweza kwenda Unguja kwa miguu. Pemba asingefika, kwa sababu kati yake na bara kuna bonde la bahari lenye kina cha mamia ya mita. Pemba ilibaki kisiwa hata wakati huo.

Wakati huo Bongoyo haikuwa kisiwa. Wala Mbudya, wala Sinda. Vilikuwa vilima vya chokaa kwenye uwanda. Mito ilipita katikati yao ikichonga mabonde kuelekea bahari iliyokuwa mbali. Barafu zilipoyeyuka bahari ikarudi, na miaka kama 6,000 hadi 7,000 iliyopita ilifika karibu na hapa ilipo. Mabonde yakazama. Bandari ya Dar es Salaam yenyewe, ule mlango mwembamba wenye maji tulivu ndani uliomvutia Sultani Majid katika miaka ya 1860, ni bonde la mto lililozama. Na vilima vilivyobaki na vichwa juu ya maji ndivyo hivi visiwa vyetu.

Hili ndilo ningependa kila mtoto wa mji huu alijue. Visiwa hivi havikuibuka baharini. Ni nchi ya Dar es Salaam iliyokatwa na maji, jiwe moja na Oysterbay. Ukiwa Coco Beach tayari uko kisiwani. Bahari haijamaliza tu kukizunguka. Kwenye ramani yako, paka rangi moja rasi ya Msasani na visiwa vyote isipokuwa Fungu Yasini.

Hatua ya 4: Jaribu mchanga kwa siki

Siku hiyo hiyo, au nyingine, nenda ufukweni Kunduchi, karibu na mahali mto Tegeta unapofikia bahari. Chukua mchanga kidogo kiganjani, udondoshee matone ya siki. Sikiliza. Sehemu kubwa itakaa kimya, kwa sababu punje zake nyingi ni mchanga wa mito, umetoka bara, nao hauna ugomvi na siki. Utakapofika Mbudya rudia jaribio lile lile, kiganjani, bila kubeba mchanga kuja nao nyumbani. Utachemka na kutoa mapovu. Mchanga wa kisiwani ni chokaa: vipande vya matumbawe, makombe na mimea ya bahari yenye mifupa ya chokaa, pamoja na unga unaotoka kwa samaki aina ya pono. Pono hukwangua mwamba kwa mdomo wake mgumu kama wa kasuku ili ale mimea iliyo juu yake, humeza na jiwe, na kinachotoka upande wa pili ni mchanga mweupe.

Kwa hiyo mahali pawili panapotazamana pana fuo zenye asili tofauti kabisa. Ufuo wa Kunduchi hulishwa na mito. Wa Mbudya hulishwa na mwamba hai uliouzunguka. Na kila mmoja una namna yake ya kufa njaa. Kuanzia miaka ya 1970 ufuo wa Kunduchi ulimomonyoka vibaya hadi majengo yakaliwa na mawimbi, na mojawapo ya sababu ni uchimbaji wa mchanga wa kujengea katika mito inayoshuka hapo. Lori moja la mchanga linalotoka mtoni ni lori moja ambalo halitafika ufukweni. Ufuo wa kisiwani nao utakufa njaa mwamba ukifa. Andika hayo mawili kando ya ramani, kila moja mahali pake.

Ukiwa Kunduchi, tembea hadi kwenye magofu. Msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ambayo yalipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China, vimejengwa kwa jiwe lile lile na chokaa iliyochomwa kutokana nalo. Hayo yatakuonyesha kwamba wazee wa pwani hii walilijua jiwe lao vizuri kabla ya jiolojia.

Hatua ya 5: Chagua kisiwa, msimu na chombo

Kwa mara ya kwanza chagua Bongoyo au Mbudya. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, kwenye gati la Slipway, na safari ni kama nusu saa. Za Mbudya huondokea fuo za Kunduchi na hapo jirani, na safari ni fupi zaidi. Kwa kusoma jiografia mimi napendelea Mbudya, kwa sababu ukiwa huko unaiona Kunduchi mbele yako na unaweza kulinganisha pande mbili kwa macho.

Msimu mzuri ni kati ya Oktoba na Machi. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka na upande wa mashariki wa kisiwa haukaribiki. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ina mawimbi pia, ila maji huwa safi na ya kuonekana. Kati ya pepo hizo mbili kuna utulivu ambao mabaharia huuita tanga mbili, kwani chombo kinaweza kwenda upande wowote. Masika ya mwishoni mwa Machi hadi Mei yaepuke: mito huleta tope na hutaona kitu chini ya maji.

Kabla hujapanda, omba jaketi okozi na ulivae palepale, sio ukalie. Hesabu watu. Chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, shuka. Boti nyingine itakuja. Mwambie nahodha mapema kwamba unataka kurudi saa fulani kwa ajili ya maji, atakuelewa mara moja na huenda akakusahihisha hesabu yako. Mkubali. Njiani mwombe akufundishe kusoma rangi za bahari. Kijani kilichopauka ni mchanga kwenye kina kifupi. Mabaka ya kahawia ni majani ya bahari au mwamba. Buluu nzito ni kina. Katika safari ya dakika ishirini utakuwa umejifunza kuona sakafu ya bahari bila kuzama.

Hatua ya 6: Zunguka kisiwa

Boti itakushusha upande wa magharibi, na hiyo si bahati. Bongoyo na Mbudya vina fuo za mchanga hasa upande unaotazama bara, uliokingwa na upepo na mawimbi ya bahari kuu. Upande wa mashariki ni mawe. Kisiwa kina mgongo na tumbo, na mgongo kimeipa bahari.

Anza kutembea saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Kanuni ni hii: saa ya kupwa ikifika, popote ulipo, umalizie upesi au ugeuke. Mara ya kwanza nilipojaribu kuzunguka Mbudya nilianza pale maji yalipokuwa yameshakauka, nikiona nina bahari nzima ya kukanyaga. Nilipofika upande wa mashariki maji yalikuwa magotini, kisha kiunoni, na nyuma yangu palikuwa na ukuta wa jiwe ambao haupandiki. Nilirudi kwa kupenya vichakani juu ya mawe, mikono imechanika. Tangu siku hiyo naandika saa ya kugeuka juu ya kiganja changu.

Ukiwa mashariki, simama mbali kidogo na ukuta utazame umbo lake. Juu umetokeza kama paji la uso. Chini umeliwa ndani. Mkato huo uko katika usawa ambao maji hupiga kila siku. Mawimbi hufanya kazi yake, lakini hayako peke yake: konokono wadogo hukwangua jiwe usiku na mchana wakitafuta chakula, wanyama wengine hulitoboa, na maji yenyewe huliyeyusha. Paji likizidi uzito, huanguka. Mabonge makubwa yaliyolala chini ya ukuta ni mapaji ya zamani. Ndiyo maana usipumzike kivulini hapo, hata jua likiwa kali namna gani.

Panda kwenye njia ya ndani ukimaliza. Hakuna mto, hakuna kijito, na udongo ni kiganja kimoja hapa na kimoja pale katika nyufa za jiwe. Mvua ikinyesha hunywewa na jiwe ikapotea. Mimea inayoishi hapa ni ile inayoweza kuishi kwa kidogo: vichaka vyenye majani magumu, na mibuyu ambayo hujihifadhia maji shinani. Angalia vichaka vya upande wa bahari vilivyo vifupi na vilivyolala kuelekea bara, kama vimechanwa kwa kitana. Upepo wa chumvi ndio uliovichana. Kadiri unavyoingia ndani vinainuka. Kwa kupima urefu wa vichaka tu, hata ukifumbwa macho na kuzungushwa, ungeweza kusema mashariki ni wapi.

Kukosekana kwa maji matamu pia kunakueleza kwa nini hakuna kijiji kama kile cha nchi kavu. Wavuvi walipita, wakapumzika, wakakausha samaki. Kuishi kulihitaji kubeba kila tone.

Hatua ya 7: Tazama chini ya maji

Maji yakianza kupanda, vaa miwani uelee taratibu mbele ya ufuo, usisimame juu ya kitu chochote kisicho mchanga. Tumbawe hai ni mnyama. Soli moja inaweza kuvunja kazi ya miaka mingi, kwani mengine hukua sentimita chache tu kwa mwaka na mengine hayafiki hata hapo. Jihadhari na wale wanyama wa mviringo wenye miiba myeusi mirefu.

Utaona pia majeraha. Baadhi ya mahali utakuta uwanja wa vifusi vya matawi yaliyovunjika, kama kokoto zilizomwagwa. Baruti ya wavuvi haramu iliipiga miamba ya mkoa huu kwa miaka mingi, na kifusi kinachotikisika na kila wimbi hakimpi mtoto wa tumbawe mahali pa kushika. Kisha mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki, mengi yakafa. Ukiona mahali tumbawe changa, kubwa kama kisahani, limejishika juu ya jiwe la kale, litie kwenye daftari. Hilo ndilo jiwe la kisiwa cha baadaye, na ndilo linalovunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukweni ulikoacha viatu vyako.

Hatua ya 8: Pangavini na Fungu Yasini

Hivi viwili vipitie kwa boti. Pangavini ni kipande cha jiwe kilicholiwa pande zote hata hakina ufuo wa maana. Kinafaa kwa kuonyesha kisiwa kinavyoelekea kikiachiwa mawimbi.

Fungu Yasini ni kinyume chake. Hakuna jiwe lililoinuka, ni mchanga uliokusanywa na mawimbi juu ya mwamba. Fungu huhama. Umbo utakaloliona wakati wa kusi silo la kaskazi, kwa sababu kila msimu husukuma mchanga upande wake. Kwa hiyo lichore kwa nukta, sio kwa mstari. Kama unataka kujua mchanga ukikosa mizizi huishia wapi, mfano uko Pangani, mkoa wa Tanga: Maziwe, nacho kilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975, kilikuwa na miti na kasa walipanda kutaga. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu ambalo maji yakijaa hulifunika.

Hatua ya 9: Vuka kivuko uende kusini

Siku ya tatu iwe ya Kigamboni. Ukiwa juu ya pantoni, simama upande unaotazama baharini. Unapita juu ya lile bonde lililozama, na nje kidogo ya mlango ndiko kwenye Makatumbe, penye mnara wa taa unaoongoza meli. Visiwa hivyo viwili havina raha ya Mbudya, lakini kwa nahodha wa meli kubwa havina mfano: ndivyo vinavyomwambia mwamba unaanzia wapi.

Kutoka fuo za Mjimwema tafuta boti ya Sinda. Sinda zote mbili zina maji mapana ya kina kifupi, na wakati wa bamvua miamba hukauka eneo kubwa sana. Huku maji ya kusi hupiga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo linganisha: ukuta wa mashariki wa Sinda ya nje na ule wa Mbudya, upi umeliwa zaidi? Chora kuta zote mbili upande kwa upande, kwa vipimo vya urefu wako mwenyewe: hadi gotini, hadi begani, hadi juu ya kichwa.

Hatua ya 10: Jaza ile nafasi tupu

Rudi nyumbani na karatasi yako ya jioni ya kwanza. Kila kisiwa ulichokichora sasa kizungushie mstari wa pili, wa nje, unaoonyesha mahali maji yalipofika yakiwa yamepwa kabisa. Upande wa mashariki mistari miwili itakaribiana penye ukuta, kisha itaachana penye uwanja wa mwamba. Upande wa magharibi itaachana taratibu. Nafasi iliyo kati ya mistari miwili ndiyo pwani, kwa maana kamili ya neno. Ipake rangi yake yenyewe, isiwe ya nchi wala ya bahari.

Halafu, kwenye kona ya chini, andika tarehe, saa, na siku ya mwezi kwa kila mahali ulipofika. Mbudya, maji kupwa, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya kwanza baada ya mwezi mpevu. Atakayeichukua ramani yako akitaka kwenda kuihakiki ahesabu kuanzia hapo.